Maua ya plastiki niliyoyakuta jalalani

Ua la kwanza lilikuwa limelala kifudifudi juu ya majani makavu, rangi yake nyekundu imeanza kubanduka. La pili lilikuwa hatua chache mbele yake. Nilipoinua macho nikayaona mengine, kumi na kitu, yamechanganyika na majivu, makaratasi na mifuko kwenye shimo la taka lililo nyuma ya madarasa. Niliyatambua yote. Wiki tatu kabla ya siku ile, watoto wa darasa la tatu waliyatengeneza mbele yangu kwa chupa za maji, mkasi, rangi na gundi. Kila mmoja aliniinulia la kwake nilione. Jioni ile nilirudi nyumbani nikiamini nimewafundisha kutumia tena plastiki.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Niliomba kujitolea katika shule ile ya msingi, nikapewa vipindi viwili vya mwisho kila Ijumaa, dakika 80, na watoto 41. Mafunzo ya ualimu sikuwa nayo. Nilikuwa na hamu, na picha za kazi za mikono nilizozikusanya kwenye simu: maua, vipepeo, mapambo ya ukutani.

Sikumgombeza mtoto yeyote. Nilimwuliza mmoja tu, msichana mdogo wa dawati la mbele ambaye ua lake lilikuwa zuri kuliko yote, kwa nini aliliacha. Akanijibu palepale, "Dada, nyumbani waliniuliza ni la nini. Nikakosa la kusema."

Swali lile sijalitua mpaka leo. Chupa ilipokuwa na maji ilikuwa na kazi. Baada ya maji kwisha ingeweza kubeba maji mengine, au kuuzwa kwa wanaokusanya chupa ikasagwe na kuwa malighafi. Mimi niliifanya ua lisilo na kazi, nikaipaka rangi na kuibandika gundi, na kwa hiyo hata mkusanyaji asingeitaka tena, maana rangi na gundi huchafua plastiki inayokwenda kusagwa. Nilichowafundisha watoto ni namna ya kuchelewesha taka kwa wiki tatu na kuiharibu zaidi njiani. Nayasema haya kwa sababu bado naona masomo mengi ya aina hii, yenye nia njema kama yangu, yakimalizikia kwenye picha ya pamoja.

Nilimweleza mwalimu wa darasa, mtu mzima aliyefundisha miaka mingi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, uliwahi kuwauliza wanakosa nini?" Sikuwahi. Kila Ijumaa nilianza na chupa mkononi na kuuliza tutaifanya nini.

Kabla ya kuwauliza, ilinibidi nikajifunze kwanza kitu chenyewe. Nilikuwa nikisema "plastiki" kana kwamba ni kitu kimoja. Ukigeuza chupa, ndoo au dumu utaona kipembetatu kidogo chenye namba ndani, kuanzia 1 hadi 7. Alama hizo zilianzishwa mwaka 1988 na chama cha viwanda vya plastiki cha Marekani ili kuwasaidia wanaochambua taka kutambua aina ya plastiki. Watu wengi hudhani pembetatu ile inamaanisha kitu hicho kitarejelezwa. Hapana, inataja aina tu. Namba 1 ni PET, plastiki ya chupa nyingi za maji na soda. Namba 2 ni polietilini nzito, ile ya madumu. Namba 4 ni polietilini laini ya mifuko, na namba 5 ni polipropilini, ambayo hutengenezewa ndoo, makopo na vifuniko vingi.

Ijumaa iliyofuata niliwaambia watoto kila mmoja alete kitu kimoja cha plastiki kilichokwisha kazi, kisafi, na anitafutie namba yake. Darasa zima liliinamia matako ya chupa na makopo kama watu wanaotafuta sindano. Walisoma, walibishana kama ile ni 2 au 5, wakapanga mafungu sakafuni. Mvulana mmoja alileta gari la kuchezea alilolitengeneza mwenyewe: mwili wa kopo, ekseli za vijiti, magurudumu manne ya vifuniko. Alilificha chini ya dawati kwa sababu alidhani halihusiki. Nilipoliomba nilione, alieleza mbele ya wenzake kwamba vifuniko vya dumu ni vigumu na havipindi, ila vya chupa za maji huvunjika pembeni ukitoboa na msumari baridi. Mtoto wa miaka tisa alikuwa anajua tabia za malighafi yake kuliko mimi niliyetumwa kumfundisha. Kabla sijafika pale, watoto wale walikuwa tayari wanatumia tena plastiki. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba huo ni ujuzi.

Kisha tukaleta beseni la maji. Somo hili nalipenda kuliko yote niliyowahi kufundisha, na halihitaji chochote zaidi ya beseni na mkasi. Nilikata kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake, nikawauliza kipi kitazama. Wengi walisema vyote vitaelea, kwa sababu plastiki huelea. Kifuniko kikaelea. Kipande cha chupa nacho kikaelea, na darasa likashangilia. Nikamwita mtoto mmoja akisukume kwa kidole hadi chini na kukisugua, viputo vya hewa vitoke. Akakiachia, kikabaki chini kabisa.

Kimya kikatanda. Halafu mvulana wa dawati la nyuma akasimama, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa: "Lakini chupa nzima inaelea! Mimi nimeiona."

Ni kweli, nayo inaelea. Tukachukua chupa nzima, tukaifunga, ikaelea. Tukaifungua, tukaijaza maji hadi juu, ikashuka taratibu mpaka chini. Kilichokuwa kinaelea ni hewa iliyokuwa ndani. PET ni nzito kuliko maji: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa takriban gramu 1.38, na ya maji ni gramu 1. Polipropilini ni kama 0.9, na polietilini iko chini kidogo ya 1. Viwanda vya urejelezaji hutumia njia hiihii kutenganisha vifuniko na chupa zilizosagwa: hutia mchanganyiko wote kwenye mapipa makubwa ya maji, wakaopoa kinachoelea na kukusanya kilichozama. Niliwaambia watoto kwamba beseni lao ni kiwanda. Hawakucheka, walisogea karibu zaidi. Msichana yule wa ua akauliza kama chupa zinazoingia mtoni huzama zote. Nikamjibu kwamba zinazoingia maji huzama, tusizione tena, ila vifuniko na mifuko huendelea kusafiri juu.

Baada ya hapo ndipo nilipoandika ubaoni swali la mwalimu: Tunakosa nini hapa shuleni? Nilitegemea vitu vikubwa. Wakataja vidogo. Bomba liko mbali na vyoo, kwa hiyo watu hawanawi mikono. Miche iliyopandwa na darasa la tano inakauka Jumamosi na Jumapili. Darasa la kwanza hawana vitu vya kuhesabia. Stoo ina giza, na wanaotumwa kuchukua majembe wanaogopa.

Vya kuhesabia vilipatikana siku hiyohiyo. Vifuniko 200 vikaoshwa, vikafungwa kumi kumi kwenye mifuko, vikapelekwa darasa la kwanza. Vipo mpaka sasa.

Kunawa mikono kulitula wiki nne. Tulikubaliana kutengeneza kibuyu chirizi, yaani dumu linaloning'inizwa kwenye mti wa kukingama juu ya nguzo mbili zenye panda, likiwa na kamba iliyofungwa shingoni na kushuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika kutoka kwenye tundu dogo. Mikono haigusi dumu, kwa hiyo uchafu wa mtu mmoja haumfikii mwingine. Mpango ulionekana rahisi ubaoni.

Dumu la kwanza lilikuwa na tundu kubwa mno, likamaliza lita tano kwa watoto wanane. La pili tulilitoboa kwa msumari mwembamba uliopashwa moto (kutoboa kwa moto ni kazi yangu au ya mwalimu, mtoto haruhusiwi), maji yakatoka vizuri mara mbili, kisha yakakatika. Tukalitikisa, tukalishusha, tukachungulia tundu. Halikuwa limeziba. Watoto walipendekeza tulipanue, nami nilikuwa karibu kukubali. Msichana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akapanda juu ya jiwe akalegeza kifuniko. Maji yakatoka. Akakikaza, yakakatika. Akarudia mara tatu huku wote tukimtazama, kisha akasema, "Lina kiu ya hewa."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Maji yakitoka bila hewa kuingia mahali pake, hewa iliyobaki ndani hupanuka na msukumo wake hupungua, hadi ile ya nje inayazuia maji kwenye tundu. Tulitoboa kitundu cha pili juu ya dumu, shida ikaisha. Wiki iliyofuata darasa lile lilihama na ujuzi huo hadi kwenye miche. Walikata tako la chupa, wakatoboa kifuniko kwa sindano, wakaipindua chupa na kuichimbia shingo kando ya mche. Kwa kuwa upande wa juu ulikuwa wazi, hewa iliingia na maji yakashuka tone kwa tone. Hakuna aliyehitaji kuelezwa tena.

Dumu la tatu lilipasuka baada ya muda kwa sababu tulilitundika juani siku nzima. Miale ya jua hukata minyororo ya chembe ndogo zinazounda plastiki, inakuwa kavu na kukatika kama ganda. Tukahamishia vibuyu chini ya mti. Makosa haya yote niliyaacha yatokee kwa makusudi? La. Mengi sikuyajua. Ila niliacha kuyaficha. Nilipokuwa sielewi nilisema sielewi, na watoto waliona kwamba kutokuelewa ni hatua ya kazi, mtu haaibiki nayo.

Kuna jambo moja nililokuwa mkali nalo, na bado ni mkali nalo. Si kila chombo kinafaa kutumika tena. Mtoto mmoja alileta chupa nzuri, imara, yenye mpini, ambayo lebo yake ilikuwa imeoshwa ikatoka. Niliinusa, nikatoka nayo nje. Ilikuwa na harufu ya dawa ya kuulia wadudu wa mimea. Chombo cha dawa za shambani, cha asidi au cha mafuta ya mashine hakisafishiki kwa sabuni hadi kiwe cha maji ya binadamu, hata kwa kunawia. Tangu siku hiyo kila chombo kilipitia hatua tatu mlangoni: jina la kilichokuwamo, harufu, namba. Kisichojulikana kilikuwa na nini hakiingii. Kingo zilizokatwa zilifunikwa kwa utepe wa kubandika kabla mtoto hajashika. Kuhusu moto, niliwaambia wazi kwamba plastiki haichomwi kwa ajili ya kuchezea wala kuwashia jiko, kwa sababu moshi wake una sumu, na ule wa namba 3, PVC, hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu. Nilimwaga maji ya moto kwenye chupa ya namba 1 mbele yao, ikajikunja na kusinyaa kama jani. PET huanza kulegea kwenye nyuzi joto kama 70. Hapakuwa na haja ya kuwakataza tena kuwekea chai.

Ile stoo yenye giza ilitupeleka kwa Alfredo Moser. Mwaka 2002, fundi makanika huyu wa Brazil, akiwa amechoshwa na kukatika kwa umeme, alijaza chupa ya lita mbili maji safi na klorini kidogo ili yasiote ukijani, akaipitisha kwenye tundu la paa, nusu nje na nusu ndani. Mwanga wa jua ukiingia kwenye maji hupinda na kutawanyika pande zote, na chumba hupata mwanga unaofanana na wa taa ya wati 40 hadi 60, bila waya, mchana wote. Wazo hilo lilifika Ufilipino na nchi nyingine nyingi, likawekwa kwenye mapaa ya watu wasio na uwezo wa kulipia umeme.

Paa la shule sikuruhusiwa kulitoboa, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu paa lililozibwa vibaya huvuja. Tulitumia boksi kubwa la katoni. Tulitoboa tundu juu, tundu dogo la kuchungulia ubavuni, tukaandika neno moja ndani kwenye kona ya chini. Kwanza waliangalia tundu likiwa wazi: duara moja la mwanga sakafuni na kona zote nyeusi. Kisha tukachomeka chupa ya maji. Kila aliyeweka jicho alinyamaza kidogo, halafu akasoma neno kwa sauti. Foleni ilikwenda mara mbili, na wengine walijaribu kurudi mara ya tatu. Mwalimu wa darasa naye alipanga foleni. Mwezi uliofuata fundi alipokuja kubadilisha bati lililotoboka la stoo, mwalimu mwenyewe alimwomba aangalie kama chupa moja inaweza kuwekwa pale na kuzibwa ipasavyo. Ikawekwa.

Nakuja kwenye somo nililoliogopa. Watoto walikuwa wameanza kusema kwamba tumemaliza tatizo la taka, na kwa kuwa shimo la nyuma ya madarasa lilikuwa limepungua kweli, walikuwa na ushahidi. Sikutaka kuwavunja moyo, wala sikutaka kuwadanganya.

Nilichora duara tatu za chaki sakafuni na kumwaga vifuniko 100. Nikawaambia hivi ni plastiki yote iliyowahi kutupwa duniani hadi mwaka 2015. Watafiti wa Marekani waliochapisha hesabu zao mwaka 2017 walikadiria kwamba tangu 1950 dunia ilitengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na kati ya hizo tani bilioni 6.3 zilikuwa zimeshakuwa taka. Tukahesabu pamoja. Vifuniko 9 duara la kwanza: vilivyorejelezwa. Vifuniko 12 duara la pili: vilivyochomwa. Vilivyobaki, 79, vikaingia duara la tatu, na havikutosha, vikamwagikia nje ya chaki hadi miguuni mwa watoto. Hivyo ndivyo vilivyozikwa au kuachwa kwenye mazingira.

Msichana wa ua alichuchumaa muda mrefu. Akaokota kifuniko kimoja kutoka duara la tatu akakishika juu. "Dada, hiki tukikitumia kuhesabia, kinakaa duara gani?"

Nilichukua muda kujibu. Nilimwambia kwamba kikiwa kinatumika hakikai duara lolote, kinabaki nje, na kwamba wale watafiti nao walikuwa na fungu hilo, plastiki iliyokuwa bado inatumika, kama tani bilioni 2.5. Akauliza, "Na kikivunjika?" Nikasema kitaingia duara mojawapo. Akauliza tena, "Kwa hiyo tunakichelewesha tu?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia tofauti ninayoiamini: ua lake lilichelewesha chupa moja kwa wiki tatu bila kumfaa mtu, wakati dumu linachelewesha taka kwa miezi, na katika miezi hiyo watoto mia kadhaa wananawa mikono, na hakuna ndoo mpya iliyonunuliwa kwa kazi hiyo. Kinachopunguza duara la tatu kuliko yote ni kile ambacho hakikununuliwa kabisa. Sijui kama mtoto wa miaka tisa anaweza kubeba jibu la namna hiyo. Yule alilibeba. Alikitia kifuniko mfukoni mwake, akaenda kukaa.

Wiki iliyofuata alikuja na daftari la kurasa chache alilolishona kwa uzi. Alikuwa amechora mistari: namba tuliyokipa chombo kwa mfuatano, siku kilipoanza kazi, kazi yake, siku kilipokufa, na safu ya mwisho aliyoiita "halafu". Aliniomba ruhusa ya kulitundika karibu na vibuyu. Watoto wakawa wanaandika zamu kwa zamu, kwa penseli, wengine kwa herufi kubwa zinazotoka nje ya mstari. Safu ya "halafu" ndiyo ilikuwa inagombewa. Kila chombo kilipochoka, walikaa kikao kamili kuamua kama kina kazi nyingine au kinakwenda kwa mkusanyaji.

Kipindi changu cha kujitolea kiliisha mwisho wa muhula. Siku ya mwisho nilipita kwenye vibuyu kabla ya kuaga nikafungua daftari. Ukurasa wa pili, mstari wa nne, kwa mwandiko wa mvulana wa gari la vifuniko, uliandikwa hivi: "Dumu namba 5. Kunawa mikono. Limepasuka shingoni. Siku 74. Halafu: tumekata juu, sasa linachota udongo wa miche. Kifuniko nimechukua mimi, gurudumu."